Sanduku la Dawa Nyumbani kwa Mkulima



Mwezi huu ukurasa huu hautasema habari za mbegu wala mbolea. Utasema habari za sanduku dogo la mbao, ambalo fundi yeyote aweza kulitengeneza kwa siku moja, na habari za vitu vinavyofaa kuwekwa ndani yake kwa ajili ya watoto. Pengine mtu atauliza, "Karani wa kilimo ana haja gani na dawa za watoto?" Nitamjibu. Kazi yangu ni kukaa mezani na kuandika majina ya watu wanaokuja ofisini kutafuta ushauri, pamoja na shida zao. Nimeona mara nyingi ya kuwa shamba lililochelewa kupaliliwa si la mvivu. Ni la mtu ambaye mtoto wake alikuwa mgonjwa juma zima. Tena vitu vilivyo hatari kuliko vyote kwa mtoto katika nyumba ya mkulima havikutoka katika duka la dawa za watu. Ni vya kazi yetu wenyewe: dawa ya kupe, dawa ya wadudu na dawa ya magugu. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Mimi nakaa Kaloleni, hapa Kisumu mjini. Mtoto wangu akiugua usiku, duka la dawa si mbali, na hospitali kubwa ile ambayo watu wa hapa huiita "Russia", kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969, haiko mbali pia. Lakini wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko Muhoroni, Koru, Songhor na Tamu, katika mashamba yaliyogawiwa wakulima tangu miaka ya 1960, au mko Ahero na Kano Magharibi katika mashamba ya mpunga. Huko njia ni ndefu. Mvua ya Aprili ikinyesha na mto Nyando ukifurika, pikipiki haipiti, na mama aweza kungoja mpaka asubuhi kabla ya kumfikisha mtoto kwa daktari. Saa hizo za kungoja ndizo zinazohitaji sanduku. Sanduku si hospitali. Kazi yake ni kumlinda mtoto asizidiwe njiani.

Nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisini, na mwalimu hapaswi kufundisha asilolijua. Basi kabla ya kuandika nilimwendea mwuguzi mmoja jirani yangu, mama mtu mzima, nikamsomea kila kipimo kilichomo humu. Alinisahihisha mahali pawili.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nataka kuanza na kosa nililofanya mimi, maana ndilo lililonifanya nilifikirie jambo hili. Mwanangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache alianza kuhara na kutapika. Nilikwenda dukani nikanunua pakiti ya O.R.S., ile dawa ya unga wa chumvi na sukari. Nilijiona mtu aliyesoma. Nikarudi nyumbani, nikaimimina pakiti yote katika chupa ya soda ya kioo, nikajaza maji, nikatikisa, nikaanza kumnywesha. Mtoto alikataa, akalia, akazidi kuwa na kiu. Jirani yangu yule mwuguzi aliingia kusalimu, akaionja ile dawa kwa ncha ya ulimi, akaniangalia. "Baba, umeweka pakiti ya lita moja katika chupa ya mililita mia tatu. Unamnywesha mtoto maji ya bahari." Akaimwaga.

Basi mtu aliyepata cheti cha ualimu hakusoma maandishi ya pakiti. Na maandishi yalikuwepo.

Ndiyo sababu nasema kitu cha kwanza katika sanduku si dawa, ni chombo cha kupimia. Tafuteni chupa safi ya maji ya nusu lita, ile ya plastiki yenye mililita 500 zilizoandikwa, ioshwe vizuri, iwekwe ndani ya sanduku, isitumiwe kwa kazi nyingine. Pakiti nyingi za O.R.S. zinazouzwa au kutolewa hapa Kenya ni za nusu lita. Hizo huenda chupa moja kamili. Lakini zipo pia za lita moja, ambazo huenda chupa mbili, na zipo ndogo za mililita 200. Someni pakiti kila mara, hata kama ni ile ile mliyoinunua mwezi uliopita. Msipunguze maji, msiongeze maji, wala msitie sukari au soda ili iwe tamu zaidi.

KUHARA

Kuhara huua mtoto kwa njia moja iliyo rahisi kuielewa. Maji na chumvi hutoka mwilini upesi kuliko yanavyoingia. Mkulima ajua mche wa nyanya unavyolegea adhuhuri udongo ukikauka; mtoto naye hulegea vivyo hivyo, ila yeye hana mizizi ya kungojea mvua ya jioni. Kwa hiyo dawa ya kwanza si ya kufunga tumbo. Ni kurudisha yaliyopotea.

Zamani watu walidhani ya kuwa mtoto aliyezidiwa na kuhara hawezi kupona bila kutiwa maji ya mshipani. Jambo hilo lilibadilika hasa mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi wengi walivuka mpaka wakaingia India, na katika kambi ya Bongaon kipindupindu kikawaka. Maji ya mshipani yalikuwa yakiisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliwaambia watu wake wachanganye chumvi na sukari katika mapipa, na jamaa za wagonjwa wenyewe wawanyweshe wagonjwa kwa vikombe. Kabla ya hapo wagonjwa karibu 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale waliotunzwa namna hii walikufa pungufu ya 4. Sababu yake ni kwamba sukari, ikiwa kwa kipimo, husaidia utumbo kuivuta chumvi, na chumvi huyavuta maji. Ndiyo maana kipimo ni kitu cha maana sana. Sukari ikizidi huzidisha kuhara, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kama nilivyotaka kufanya mimi bila kujua.

Mnyweshe mtoto kwa kikombe au kijiko, kidogo kidogo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100 kila baada ya kuhara, yaani robo au nusu ya kikombe kidogo cha chai. Aliye zaidi ya miaka miwili apewe 100 mpaka 200. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha anzeni tena polepole zaidi, kijiko baada ya kijiko. Akina mama wengi huacha mtoto akitapika mara moja, wakisema dawa imemkataa. Haikumkataa, ilikwenda kwa haraka. Maji yaliyochanganywa yasikae zaidi ya siku moja, yaani saa 24. Yaliyobaki yamwagwe, na mapya yachanganywe.

Maji yenyewe yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake. Maji ya mto Nyando au ya ziwa yakiwa na tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na kuachwa yatulie, maana tope hupunguza nguvu ya klorini.

Pamoja na O.R.S. wekeni vidonge vya zinki. Wengi bado hawavijui. Siku hizi dawa hizi mbili mara nyingi hutolewa katika pakiti moja. Zinki hupunguza siku za kuhara, na husaidia kuhara kusirudi upesi katika miezi inayofuata. Kidonge cha miligramu 20 hupewa mtoto wa miezi sita na zaidi, kimoja kwa siku. Mdogo wa chini ya miezi sita hupewa nusu. Kiyeyusheni katika kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Na hapa ndipo watu hukosea: zinki hutolewa siku kumi kamili, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Mtoto aendelee kunyonya, na aliyeanza kula aendelee kula. Nyuka laini ni chakula kizuri. Desturi ya kumnyima chakula mtoto anayehara ili "tumbo lipumzike" humdhoofisha tu. Vidonge vya kufunga tumbo ambavyo watu wazima hunywa safarini visiingie kabisa katika sanduku la watoto.

Kuna wakati wa kuacha sanduku na kwenda hospitali bila kungoja. Choo kikiwa na damu, mtoto apelekwe. Macho yakiwa yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi upesi, au mtoto anakunywa kwa pupa kama mwenye kiu kali, apelekwe huku akinyweshwa njiani. Na kama hawezi tena kunywa, basi hata usiku na mvua, mtafuteni mtu wa kusaidia.

HOMA

Sisi watu wa ziwani twaishi pamoja na malaria, na jambo hili limetufanya tuwe na tabia moja mbaya: mtoto akipata joto, twasema ni malaria, na twatafuta dawa ya malaria iliyobaki kwenye kabati. Naomba tabia hii iachwe. Homa ni mlio wa mbwa. Yaonyesha mtu yuko uani, lakini haisemi ni nani. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa kichomi, yaweza kuwa sikio, au ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Kipimo hicho cha tone moja la damu kidoleni hutoa jibu katika robo saa, na si hospitalini peke yake. Mwezi wa Septemba 2023 Serikali ilizindua vifaa vya kazi kwa wahamasishaji wa afya wa vijijini zaidi ya 100,000 nchini kote. Ulizeni aliye karibu nanyi ni nani, na kama ana vipimo vya malaria, kabla mtoto hajaugua, si baada.

Bibi zetu hukumbuka klorokwini, ile chungu iliyowasha mwili. Haitumiki tena hapa kutibu malaria, kwa sababu vijidudu viliizoea. Kenya iliiacha mwaka 1998, na ile iliyofuata nayo ikaanza kushindwa, na mwaka 2004 Serikali ikachagua dawa ya mchanganyiko ambayo twaiita A.L. Hiyo hutolewa mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Mtoto akiitapika kabla ya nusu saa kupita, apewe tena. Lazima imalizwe. Basi mkiona vidonge vya A.L. vimebaki nyumbani, jueni ya kuwa kuna mtu hakumaliza dawa yake, na malaria ile pengine haijaisha. Hiyo si akiba ya kujivunia.

Kinachofaa kuwekwa kwa homa ni parasetamoli ya maji ya watoto na kipima joto. Kipima joto kiwe cha betri, kinachoonyesha nambari. Kile cha kioo chenye zebaki kikivunjika ni sumu. Kwapani, nyuzi 37.5 na zaidi ni homa. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa asipewe kitu nyumbani. Apelekwe siku ile ile, saa ile ile.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, wala si kwa umri peke yake. Kipimo ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja, na huweza kurudiwa baada ya saa sita, lakini isizidi mara nne kwa siku. Chupa nyingi za hapa zina miligramu 120 katika mililita 5. Kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hupata mililita 5. Uzito wa mtoto mnao tayari, umeandikwa katika Kitabu cha Mama na Mtoto mliyopewa kliniki. Mwulizeni mwuza dawa au mwuguzi awaandikie kipimo cha mtoto wenu kwa mililita, na ombeni sirinji ndogo isiyo na sindano ya kupimia. Vijiko vya nyumbani havilingani. Nilivipima vya kwetu kwa sirinji, nikaona kimoja kilibeba karibu mara mbili ya kingine, na vyote viwili mke wangu na mimi huviita "kijiko cha chai".

Parasetamoli ikizidi huharibu ini, na huenda mtoto asionyeshe dalili siku ya kwanza. Kwa hiyo andikeni saa mliyompa. Nyumba nyingine baba humpa saa mbili usiku, nyanya akampa tena saa tatu kwa huruma, kwa kuwa hakuna aliyeandika. Na aspirini mtoto asipewe kabisa. Imejulikana ya kuwa mtoto mwenye homa ya virusi akipewa aspirini aweza kupata ugonjwa mbaya wa ubongo na ini.

Mtoto akishikwa na degedege, mlazeni kwa ubavu mahali pasipo na kitu cha kumwumiza. Msitie kijiko mdomoni, msimnyweshe kitu, msimshike kwa nguvu wala msimchanje. Kikikoma, apelekwe hospitali hata akiwa anacheka.

Juu ya kuzuia malaria sitasema mengi. Chandarua chenye dawa kimesemwa mara nyingi, na wengi mnacho. Naomba tu kisitumiwe kufunika miche ya mboga wala kuanika omena, kama nilivyoona kwa macho yangu. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika kaunti za ziwani mwezi wa Septemba 2019. Mtoto ambaye hajaipata aulizwe habari zake kliniki.

KIKOHOZI

Kwa kikohozi cha kawaida hamhitaji chupa ya dukani. Watoto wengi hupona wenyewe. Mtoto aliyepita mwaka mmoja apewe kijiko cha asali, na maji ya uvuguvugu yenye limau; wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwa maana inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kushindana navyo. Dawa nyingi za kikohozi zenye rangi nzuri ni za kumlaza mtoto tu.

Jambo la maana ni kujua kikohozi kipi ni kichomi. Hapa chombo chenu ni saa au simu yenye saa. Mvueni mtoto shati akiwa ametulia, halali, wala halii, mhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Tazameni pia chini ya mbavu: akivuta pumzi na mahali pale pakaingia ndani, hali ni mbaya. Kinachomsaidia mtoto huyo hakimo katika sanduku, apelekwe. Nambari hizo tatu ziandikwe kwa kalamu nene ndani ya mlango wa sanduku.

Antibiotiki zilizobaki zisiwekwe. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji haidumu, na maandishi ya chupa husema ni siku ngapi. Kumpa mdogo dawa iliyobaki ya kaka yake ni sawa na kupanda mbegu iliyooza na kulaumu mvua. Na wale wanaokata kilimi cha mtoto ili kikohozi kiishe, au kung'oa yale wanayoyaita meno ya plastiki ili homa iishe, wamewaletea watoto damu na vidonda bila kuponya lolote.

Juu ya manyasi na mitishamba mingine nitasema kwa adabu, kwa kuwa nami nilinyweshwa nilipokuwa mdogo, na aliyeninywesha alinipenda. Shida ni kipimo. Hakuna ajuaye ni nguvu kiasi gani imo katika kikombe, na mwili wa mtoto mchanga ni mdogo. Mama akimwambia mwuguzi wazi kile mtoto alichokunywa, atamsaidia kuliko akificha.

VIDONDA, KUUNGUA NA KUUMWA

Hapa sanduku la mkulima lina kazi kila juma. Wekeni kipande cha sabuni kisichotumika kwa kazi nyingine, bendeji mbili, shashi safi, plasta, mkasi, kibano kidogo cha kutolea miiba, na glavu. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji safi mengi; hiyo ndiyo dawa kubwa, wala hakuna haja ya kukitia unga wa kidonge, majivu au kinyesi cha ng'ombe. Damu ikitoka sana, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kufunuafunua. Kidonda kirefu cha jembe au cha msumari kinataka hospitali, kwa ajili ya chanjo ya pepopunda.

Mtoto akiungua kwa uji au moto wa mafiga, mmwagilieni maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika ishirini. Dakika ishirini ni nyingi, tazameni saa. Pasipo na bomba, tumieni jagi, mmwage polepole. Kisha mfunike kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia na unga wa ngano hushika joto ndani na kumpa daktari kazi ya kuvikwangua.

Akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji kwa robo saa, kisha aende hospitali siku ile ile kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kidonda kiwe kidogo, hata mbwa awe wa jirani mnayemjua. Akiumwa na nyoka, msikate, msifyonze, msifunge kamba. Mtulizeni asitembee, mguu au mkono usichezeshwe, abebwe mpaka hospitali.

Dawa ya minyoo hamna haja ya kuiweka. Hutolewa shuleni na kliniki. Dawa ya kichocho vilevile, maana hupimwa na wenye kazi yao.

CHUPA YA SODA

Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuchukua kalamu.

Siku moja ofisini aliingia mzee mmoja wa skimu akihema. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli nyingine, na simu ilikuwa imempata njiani. "Karani," akasema, "mjukuu wangu amekunywa ile dawa ya ng'ombe. Wameniuliza wampe maziwa au wamtapishe. Niwaambie nini?" Alikuwa amenunua dawa ya kupe pamoja na jirani, wakagawana, na sehemu yake aliitia katika chupa ya soda iliyokuwa karibu. Chupa ilikaa kwenye dirisha la jikoni. Mtoto wa miaka mitatu ajua soda ni nini.

Tulimpigia simu mtu mwenye ujuzi, naye akasema: msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta, mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji, mkimbizeni hospitali, na mchukue chupa ile. Hapo mzee akakaa kimya. Chupa haikuwa na karatasi yake. Kopo lenye jina la dawa lilikuwa kwa jirani, ng'ambo ya mto. Ilibidi kijana atumwe kulitafuta, kwa maana daktari akijua jina ndipo hujua la kufanya. Baadhi ya dawa hizi hutoa mate mengi na jasho, mboni za macho huwa ndogo na misuli hutetemeka, nazo zina kinza chake hospitalini. Nyingine humlaza mtoto usingizi mzito na kupunguza mapigo ya moyo, na hizo hutunzwa kwa njia nyingine. Mtoto yule alipona baada ya siku kadha wodini. Mzee alirudi baadaye kutuambia, na tangu siku ile hakuuliza tena juu ya kugawana.

Mafuta ya taa ni vilevile. Mtoto aliyeyanywa asitapishwe hata kidogo. Yakirudi juu huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua.

Kwa hiyo naomba hivi. Dawa ya shamba na ya mifugo isikae katika sanduku la dawa za watoto, wala katika chumba kimoja nalo, wala jikoni. Iwe stoo, juu, kwa kufuli, katika kopo lake lenye karatasi. Mkigawana na jirani, mmoja abaki na kopo, na yule mwingine aje kupimiwa siku ya kuogesha, atumie yote siku ile. Kopo likiisha litobolewe, lisifanywe la maji wala la kupimia mahindi.

MAHALI PA SANDUKU

Sanduku la watoto nalo litundikwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti, na liwe na kufuli. Ufunguo usitundikwe kwenye msumari wa sanduku lenyewe. Lisiwe karibu na jiko, wala dirishani, wala juu kabisa chini ya bati, kwa sababu adhuhuri joto la hapo huharibu dawa. Chumba cha ndani chenye ukuta wa udongo kina ubaridi zaidi. Kila dawa ikae katika pakiti yake. Kila mwanzo wa msimu, mnapotoa mbegu, toeni na dawa, msome tarehe ya mwisho. Zilizopita zirudishwe kwa duka la dawa au dispensari, zisitupwe chooni wala shimoni ambako watoto huchimba. Dawa ya macho ya tyubu, mkipewa, huandikwa siku ilipofunguliwa, na baada ya mwezi mmoja hutupwa.

Nunueni katika duka lenye leseni ya Bodi ya Madawa na Sumu ukutani. Yule kijana apandaye matatu pale stendi na vidonge visivyo na pakiti, anaponya maumivu ya mgongo, minyoo na kukosa usingizi kwa kidonge kimoja, mwacheni ashuke.

Ndani ya mlango wa sanduku bandikeni karatasi moja. Iwe na nambari za pumzi nilizotaja, kipimo cha parasetamoli cha kila mtoto kwa mililita na tarehe alipopimwa uzito, kwa maana hukua na kipimo hubadilika. Simu ya mhamasishaji wa afya, simu ya dispensari, na simu ya mwenye pikipiki anayekubali kuja usiku. Andikeni pia dalili nne ambazo mtoto akiwa na mojawapo hamwulizani tena: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, au amelegea na haamki vizuri. Kitabu cha Mama na Mtoto kikae humo humo katika mfuko wa plastiki, ili siku ya haraka kisitafutwe chini ya godoro.

Wenye swali waje ofisini siku yoyote ya kazi. Ya ng'ombe tutayajibu wenyewe, na ya watoto tutamwuliza yule mwuguzi.